Lualaba: Mabomba yatengenezwe kabla ya mvua kurudi

Mjini Kolwezi na katika wilaya ya Mutshatsha, kiangazi huanza Mei hadi Septemba. Ni miezi ya shida ya maji, lakini pia ni wakati mzuri wa kutengeneza mabomba: ardhi ikikauka, unyevu au majani mabichi juu ya bomba huonyesha palipopasuka.

Robine inayodondosha tone moja kila sekunde hupoteza takriban lita 20 kwa siku, sawa na bidoni moja ambayo mwingine huifuata kisimani.

Hatari kubwa zaidi ni uchafu unaoingia. Maji yanapokatika, presha hushuka, na bomba lililotoboka huvuta maji machafu ya ardhini. Mvua za Oktoba zikifurisha vyoo na mifereji, ufa mdogo unaweza kuleta kipindupindu nyumbani.

Raia anaweza kubadilisha mpira wa robine mwenyewe. Bomba la barabarani ni kazi ya REGIDESO, na sheria ya maji ya Desemba 2015 iliyapa majimbo pia sehemu ya wajibu huo. Wachimbe sasa, wasingoje wagonjwa walazwe.