Kuboresha Seti si Kung'arisha Sarafu

Nia yangu katika ukurasa huu ni kutoa maoni juu ya jambo ambalo limetugawa sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili, nalo ni seti yetu ya sarafu. Hoja iliyoletwa mkutanoni ni hii: yuko mgeni mmoja, mkusanyaji wa sarafu, ambaye yuko tayari kuchukua shilingi zetu tatu za kikoloni zilizochakaa, na badala yake atupe kisanduku chenye shilingi kama hizo zinazong'aa. Wengi walipiga makofi. Mimi nasema tungoje kwanza. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Labda kuna msomaji atakayeuliza, sarafu na Chama cha Kiswahili wapi na wapi? Jibu ni kwamba sarafu ni kamusi ya mfukoni. Neno pesa tulilipata kutoka Bara Hindi pamoja na rupia. Sumni, yaani senti hamsini, ni neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu moja ya nane. Ndururu, yaani senti tano, leo imebaki katika misemo tu: mtu husema hana hata ndururu, naye hajawahi kuiona. Siku hizi za M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, sarafu zenyewe zinaanza kuwa hadithi. Konda akikosa chenji ya shilingi tano, husema tuma kwa simu. Basi tusipoziweka sisi, nani ataziweka?

Seti yetu ni ya shilingi moja peke yake. Tuliamua hivyo kwa sababu ukitaka kukusanya kila kitu utaishia na mkebe wa vyuma tu. Kadi yetu ina nafasi tisa, moja kwa kila sura ya shilingi iliyotumika hapa Kenya. Ya kwanza ni shilingi ya Mfalme George wa Tano, iliyoanza mwaka 1921 baada ya rupia kuondolewa na florini ya mwaka 1920 kupita kama upepo. Ya pili ni ya George wa Sita, ya kati ya 1937 na 1946. Ya tatu ni yake pia, ya 1948 hadi 1952, lakini madini yake ni tofauti. Zile za kwanza zilikuwa na fedha halisi, robo moja ya uzito wake. Kuanzia 1948 fedha ikatolewa, ikawa ni shaba na nikeli tu. Tena maneno ya kumwita mfalme mtawala wa India yakaondoka, maana India ilikuwa imejipatia uhuru wake mwaka 1947. Tazama jinsi uhuru wa nchi ya ng'ambo ulivyoandikwa, au tuseme ulivyofutwa, kwenye shilingi ya mama muuza samaki wa Malindi!

Nafasi ya nne ni shilingi ya Mzee Jomo Kenyatta ya mwaka 1966, isiyo na maneno kuzunguka picha yake. Ya tano ni ile ya kuanzia 1969, iliyoongezwa maneno ya kumtaja kuwa Rais wa kwanza. Ya sita ni kubwa nyeupe ya Rais Moi ya kuanzia 1980. Ya saba ni yake pia, ndogo ya manjano, ya miaka ya tisini. Ya nane ni ya 2005, ambapo Mzee Kenyatta alirudi. Ya tisa ni ya twiga, iliyozinduliwa tarehe 11 Desemba 2018 pamoja na kifaru wa shilingi tano, simba wa kumi na ndovu wa ishirini. Hao wanyama hawakuja bure. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 231, inakataza picha ya mtu yeyote kwenye noti na sarafu. Kwa hivyo anayezipanga sarafu hizi tisa kwenye kadi amepanga historia ya Kenya ya karibu miaka mia moja.

Mpaka sasa tumejaza nafasi saba. Ya kwanza na ya nne ziko wazi. Sioni aibu yoyote kwa hilo. Nafasi iliyo wazi ndiyo inayotufanya tuendelee kuuliza nyumbani, na hapo sisi wa shule ya kutwa tuna bahati kuliko wenzetu wa bweni. Kila jioni sisi hurudi majumbani, Mambrui, Gede, Watamu, Marafa na kwingineko, walipo wazee wenye masanduku na mikebe. Mwanafunzi wa bweni huiona shilingi ya kantini tu.

Sasa nije kwenye kiini cha hoja yangu. Sipingi kuboresha seti. La hasha! Kila mkusanyaji huanza na alichonacho, kisha siku akipata kilicho bora zaidi hukiweka pale na kukitoa cha kwanza. Sisi wenyewe tumefanya hivyo na shilingi ya twiga. Ya kwanza ilikuwa imekwaruzwa vibaya. Baadaye mwenzetu mmoja alipewa nyingine dukani ambayo pembe za twiga na mabaka yake yaonekana vizuri. Tukazishika mbili hizo kwa ukingo, tukazitazama ubavuni kwenye mwanga wa dirisha, na ile mbovu ikarudi kununua maandazi. Hapo hapakuwa na hasara yoyote, kwa sababu twiga yule na yule wote walitoka dukani wiki ile ile na hawana la kusimulia. Hiyo ndiyo maana ya kuboresha: unalinganisha polepole, unaweka iliyo nzima zaidi.

Lakini kuna mambo mawili ambayo watu huyaita kuboresha, kumbe ni kuharibu.

La kwanza ni kusugua. Husikia wenzangu wakisema, "Hebu ipige limau na majivu hiyo, utaona itakavyowaka." Ni kweli, itawaka. Lakini asidi ya limau hula madini, na majivu hukwaruza kama msasa. Weusi ule tunaouona kwenye sarafu kuukuu ni ngozi yake iliyojengeka kwa miaka. Ukiuondoa umeondoa na sehemu ya manyoya ya simba. Simba akishanyolewa, haoti tena. Wakusanyaji wa ulimwengu mzima huikataa sarafu iliyosuguliwa, au huilipia kidogo sana. Hapa pwani adui wetu wa kweli ni hewa ya chumvi na unyevu. Dawa yake ni bahasha ndogo ya karatasi kavu na kuishika sarafu kwa ukingo, wala si limau.

La pili, ambalo ndilo linalotukabili sasa, ni kubadilisha sarafu yenye asili inayojulikana kwa sarafu isiyo na asili. Shilingi zetu tatu zimechakaa, sikatai. Moja huwezi hata kusoma mwaka wake bila kuigeuza geuza juani. Lakini kila moja ina karatasi yake. Moja ilitoka Mambrui, kwenye pindo la kanga ya nyanya wa mwenzetu, aliyoiweka tangu alipouza makuti yake ya kwanza. Ya pili ilitoka kwenye mkebe wa misumari wa fundi seremala wa Gede, aliyekuwa ameirithi pamoja na mkebe wenyewe. Ya tatu ililimuliwa na jembe shambani karibu na Marafa. Hizo za kwenye kisanduku zimetoka wapi? Hakuna ajuaye. Huenda hazikuwahi kununua hata kibaba cha mahindi katika Afrika nzima.

Mtu atasema karatasi ni karatasi tu, sarafu ndiyo mali. Nitampa mifano miwili mikubwa.

Mwaka 1944, mwanajeshi wa Australia aitwaye Maurie Isenberg aliokota sarafu kwenye ufuo wa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo. Alizitia mkebeni, zikakaa humo mpaka mwaka 1979 alipoziuliza kwa wataalamu. Tano kati yake zilikuwa ni za shaba za Masultani wa Kilwa, huku kwetu Uswahilini! Habari njema ni kwamba Isenberg alikuwa ametia alama kwenye ramani pale alipoziokota. Kwa sababu ya alama ile moja, watafiti waliweza kurudi kwenye visiwa hivyo mwaka 2013 kutafuta zaidi. Bila ramani zingekuwa vipande vitano vya shaba tu.

Mfano wa pili uko hapa hapa kwetu. Mwaka 2010, wataalamu wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya pamoja na wa Chuo Kikuu cha Peking walichimba Mambrui, wakapata sarafu ya Kichina yenye tundu la mraba, ya enzi ya Mfalme Yongle aliyetawala mwanzoni mwa karne ya kumi na tano. Sarafu za aina hiyo si haba huko Uchina. Lakini hii ilipatikana kwenye udongo wa Mambrui, ikatangazwa duniani, maana ni katika enzi ya Yongle ambapo twiga alipelekwa Uchina kutoka Malindi mwaka 1415. Hata kule Gede, ambako magofu yake yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, kuna nyumba iliyopewa jina la pesa za Kichina zilizopatikana ndani yake. Sarafu ndogo imeipa nyumba nzima jina. Ingechukuliwa usiku na mchimbaji mwizi ikauzwa hotelini, leo nyumba ile ingeitwaje?

Na hapa ningependa niwaonye wenzangu ambao wamesema tukajazie seti magofuni. Hilo si kuboresha, ni kuvunja sheria. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa ni kitu cha kale chochote cha kubebeka kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895, isipokuwa vitabu na hati. Maana yake ni kwamba hata pesa ya Kampuni ya Waingereza ya mwaka 1888, ile iliyoandikwa Mombasa, imo. Ukiona kitu kama hicho kwenye magofu, kiache pale pale kilipo, ukatoe habari kwa watu wa makavazi. Shilingi zetu ni za baada ya 1921, hazina shida hiyo.

Nirudi kwa wale wanaounga mkono kisanduku. Nawaheshimu, maana hoja yao ina uzito. Wanasema siku ya maonyesho wazazi na wageni watatazama kadi yetu, na shilingi isiyosomeka haimfundishi mtu chochote. Ni kweli kabisa. Mtoto wa kidato cha kwanza atamwona simba yule akadhani ni mbwa. Tena wanasema mgeni hakai milele, nafasi ikipita imepita. Nami nawajibu kwa methali: usiache mbachao kwa msala upitao.

Pendekezo langu ni hili. Kadi yetu iwe na safu mbili. Safu ya juu iwe ya sura, ambapo tutaweka sarafu nzima kabisa tunayoweza kuipata, na hiyo tuiboreshe kila mara bila huruma. Safu ya chini iwe ya asili, ambapo sarafu inaingia kwa sababu ya karatasi yake: nani aliitoa, wapi, aliipataje, na tarehe. Hii ya chini isibadilishwe wala isiuzwe, hata ikiwa imelika mpaka imekuwa kama kifungo. Yule mgeni akitaka, tununue kwake sarafu moja nzima ya George wa Sita kwa pesa za michango yetu, hata ikituchukua mihula miwili kuzipata. Na kabla ya kulipa, tuijaribu kwa sumaku ya maabara. Shilingi ya kweli ya wakati ule haishikwi na sumaku, kwa kuwa haina chuma ndani yake. Ile ya manjano ya Rais Moi hushikwa, maana ni chuma kilichopakwa shaba ya manjano. Simba anayeng'aa akirukia sumaku, tujue tumeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Wenzangu, haba na haba hujaza kibaba. Seti haijengwi kwa siku moja ya kubadilishana visanduku, hujengwa na wanafunzi watakaofuata baada yetu, kila mwaka wakiongeza moja na kuitoa moja. Sisi wa kidato cha tatu tumebakiza mwaka mmoja na kitu, kisha tutaondoka. Tukiziacha shilingi tatu na karatasi zake, ndugu zetu watakaotufuata watajua jina la nyanya wa Mambrui na kanga yake. Tukizitoa, watarithi kisanduku kizuri kisicho na neno.

Kura itapigwa kwenye mkutano wa kwanza wa muhula ujao. Mimi nitapiga ya hapana. Nawaomba nanyi mfikirie kabla ya kuinua mkono.