Usaili wa Wakaguzi wa Hesabu

Mkaguzi wa hesabu haamini neno tupu. Akiambiwa ghalani mna magunia elfu, huenda kuyahesabu. Akiambiwa deni limelipwa, hutaka stakabadhi. Ajabu iliyoje, basi, kwamba kampuni kubwa za kazi hiyo, Dar es Salaam na Nairobi, huchagua vijana kwa masimulizi yasiyo na stakabadhi hata moja! Mitihani ya hesabu ipo, najua; lakini huo ni mlango wa nje tu.

Chumbani kijana huulizwa, aghalabu kwa Kiingereza: "Tueleze siku ulipoongoza wenzako." Mpwa wangu, ambaye mizania kwake ni mchezo, alijibu "tulifanya", "tuliamua", kama alivyolelewa. Akakatizwa: wewe binafsi ulifanya nini? Akaona haya kujisifu mbele ya wakubwa zake. Alichopata ni barua ya mistari miwili, bila sababu.

Nitaambiwa kuwa mshauri wa biashara sharti ajue kusema na wateja. Nakubali, kazi yangu ni lugha. Lakini Arthur Andersen, iliyokuwa miongoni mwa kampuni tano kubwa za ukaguzi duniani, ilisambaratika mwaka 2002 baada ya kashfa ya hesabu za Enron. Haikusambaratika kwa uhaba wa wasemaji.

Wapeni vijana daftari lenye kosa lililofichwa, muone nani atalifichua, na atalitajaje mbele ya mwenye daftari.