Kipimo Kwanza, Spea Baadaye

Gari la umma linapozimika njiani, mara nyingi hukumu hutolewa upesi: pampu imekufa. Pampu huagizwa, hati ya malipo hutiwa sahihi, na baada ya majuma kadhaa gari hurejea kazini. Likifika kwenye mlima ule ule huzimika tena. Ndipo hugundulika kwamba pampu ya kwanza haikuwa na kosa. Kilichoziba ni chujio, ambalo bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya pampu. Wakati huo wote mgonjwa hakufikishwa hospitali na mitihani haikupelekwa shuleni.

Huo si ufundi, bali ni kubahatisha kwa fedha za wananchi.

Njia ya mafuta katika injini ya dizeli ina vituo vinavyojulikana: tangi, bomba, chujio, pampu na nozeli. Uchunguzi hauna budi kuifuata njia hiyo, ukianza na kilicho rahisi na kuishia na kilicho ghali. Kifuniko cha tangi kilegezwe. Injini ikipata nguvu, tundu la kupitisha hewa limeziba. Maji yaliyotuama chini ya chujio yatolewe. Mpira unaoonyesha ndani uunganishwe kabla ya pampu. Mapovu yakipita, kuna mahali panapovuta upepo. Kisha pampu ipewe mafuta safi kutoka katika dumu. Injini ikinguruma vizuri, pampu na nozeli hazina hatia, na kosa litafutwe nyuma yake.

Injini yenyewe nayo hutoa ushahidi. Ikitulia gari liliposimama lakini ikaishiwa nguvu mlimani, yaelekea mafuta hayafiki ya kutosha. Isipotoa moshi wowote inapopigwa stata, mafuta hayafiki kwenye silinda. Ikitoa moshi mweusi, mafuta yameizidi hewa. Basi chujio la hewa litazamwe kabla nozeli hazijalaumiwa.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya magari ya zamani, na kwamba siku hizi kompyuta hufichua kila kitu. Ni kweli kwamba katika injini nyingi mpya za dizeli mgandamizo wa mafuta huzidi bar 1,000, na ni hatari kulegeza bomba lake injini ikiwa inanguruma, kwa maana mafuta hayo hupenya ngozi ya mtu. Hata hivyo, kompyuta ikisema kwamba mgandamizo umeshuka, imetaja dalili tu. Kama chanzo ni chujio, upepo au pampu, bado ni kazi ya fundi kupima.

Aidha, mafuta yenyewe yasisahauliwe. Dizeli huilainisha pampu; ikichanganywa na mafuta ya taa ulaini huo hupungua, na pampu na nozeli husagika. Ndiyo sababu Tanzania ilianza kuyatia mafuta alama maalumu mwaka 2010, na mwaka 2011 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuwaondolea wachakachuaji kishawishi. Lakini dereva aliyenunua mafuta ya madumu kando ya barabara, kisha akanyamaza, huirudisha hasara ile ile kwa mlango wa nyuma. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Afisa anayeidhinisha matengenezo si lazima awe fundi. Yampasa tu kudai maelezo matatu kabla ya kutia sahihi: dalili ilikuwa nini, kipimo gani kilifanywa, na kilionyesha nini. Fundi hodari hatachukizwa na maswali hayo. Walimu wa vyuo vya ufundi nao wana wajibu wao: kijana afundishwe kutafuta sababu kabla ya kufundishwa kufungua nati. Spea iliyonunuliwa bila kipimo ni dawa iliyotolewa bila kumwona mgonjwa.