Pensheni ya Askari ni Deni, Si Hisani

Dola impelekapo raia vitani hufunga naye ahadi, hata kama haikuandikwa, kwamba waliomtegemea hawatatupwa baada yake. Ahadi hiyo ilivunjwa nchini Australia pale mtu aliyeishi miaka 38 na askari wa Vita Vikuu vya Pili, akamuuguza hadi mauti yake mwaka 1998, aliponyimwa pensheni kwa sababu tu wote wawili walikuwa wanaume, ilhali sheria ile ile ilimtambua mwanamke aliyeishi na askari pasipo nikahi.

Agosti 2003 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa iliamua kwamba serikali haikutoa hoja ya kuhalalisha ubaguzi huo. Sheria ikarekebishwa mwaka 2008, na marekebisho kwa wastahiki wa askari yakaanza kutumika Julai 2009. Muda huo ni mrefu mno kwa mfiwa.

Kila mtu ana itikadi yake juu ya ndoa, wala hatukusudii kuihukumu. Lakini pensheni si tuzo ya harusi, bali ni deni la dola kwa aliyeitumikia, na insafu yataka lilipwe kwa yule aliyeshiriki naye maisha kwa hakika.