Tiara Ipimwe kwa Kila Upepo



Huko Paje, mashariki mwa Unguja, watu huteleza baharini wakivutwa na tiara kubwa. Tiara ya kujazwa hewa, iwezayo kuinuka tena ikianguka majini, ilisajiliwa hataza mwaka 1984 na ndugu wawili Wafaransa, Bruno na Dominique Legaignoux.

Wapo wanaoisifu tiara mpya ya kasi baada ya siku moja tu ya kusi tulivu. Kwangu mimi, huko si kuipima. Kasi ya upepo ikiwa maradufu, nguvu yake huwa mara nne: tiara iliyotii asubuhi yaweza kumburuta mtu alasiri. Nao upepo utokao nchi kavu, ukikatizwa na minazi na majengo, huvuma kwa vishindo na kumsukumia mtu kilindini.

Basi ipimwe katika upepo hafifu, wa wastani na mkali. Na kabla ya yote, kifyatulio cha dharura kijaribiwe ufukweni, mwenzako akizivuta kamba zikaze.

Sifa za mwenzako zilitoka katika upepo wake, si wako. Wahenga walituonya: usisafirie nyota ya mwenzio. Tutafakari.