Vifaranga Hawataki Intaneti

Najua nimepotea, msinune. Mitihani ilinibana, halafu yakaja ya vifaranga. Leo sina picha za kuwawekea, nina hasira tu.

Wanaonifahamu wanajua kwamba mimi na mwenzangu wa chumba tunafuga. Tumepanga hapa Mafiga, na mama mwenye nyumba kwa wema wake alituachia stoo ya nyuma. Mwanzoni mwa Juni 2025 tukaingiza vifaranga 40 wa siku moja. Juni ya Morogoro mnaijua, usiku upepo unashuka kutoka Uluguru mpaka unatafuta soksi. Na kifaranga wa wiki ya kwanza anataka nyuzijoto kama 32 hadi 35, ndipo unapunguza kama 3 kila wiki. Haya tumefundishwa darasani, na ndiyo maana inauma zaidi.

Joto letu lilikuwa balbu moja ya wati 100. Ikiwaka saa 24 inakula uniti 2.4, na LUKU ni moja kwa vyumba vitano. Mnajua wenyewe vikao vya LUKU vinavyokuwa! Kila mtu anakuangalia wewe mwenye "mradi". Basi mimi msomi nikanunua plagi janja, ile unayoichomeka ukutani halafu unaiwasha na kuizima kwa simu, na inakuonyesha uniti zilizotumika. Nikaipangia muda: iwake saa 11 jioni, izime saa 4 asubuhi, maana mchana stoo ina joto la kutosha. Intaneti ikawa inatoka kwenye simu yangu ya zamani, niliyoiacha chumbani na bando lake ikirusha hotspoti. Nilijiona nimefika mbali, teh teh.

Siku ya tatu tu, saa 11 jioni ikapita balbu haikuwaka. Nikaiwasha kwa kidole. Siku ya nne ikawaka vizuri, na ya tano. Ya sita ikagoma tena. Mwenzangu akasema plagi ni feki. Mimi nikasema ni ekstensheni yetu, kweli imelegea, nikaibadilisha. Kukapita siku mbili za amani, nikajipongeza...

Usiku wa siku ya tisa umeme ulikatika saa 8, ukarudi baada ya kama nusu saa. Sikusikia kitu, nilikuwa nimelala. Saa 12 asubuhi nafungua stoo, giza, baridi. Vifaranga walikuwa wamerundikana kona moja, na wale wa chini walishakosa hewa. Kumi na moja wamekufa. Kubeba vifaranga 11 kwenye ndoo asubuhi siyo kitu kizuri, jamani.

Mama mwenye nyumba alikuja, akaangalia, akasema taratibu, "Mwanangu, vifaranga wanataka joto, hawataki intaneti." Nilimjibu "ndiyo mama" kwa adabu, ila moyoni nilibisha. Nilitaka kujua hasa nini kimeharibika.

Waliobaki 29 tukawachomekea balbu moja kwa moja ukutani. Plagi nikaihamishia chumbani na taa ya mezani, na kaunta buku pembeni, nibadilishe kitu kimoja tu kila mara kama tunavyofanya kwenye majaribio ya shamba. Nikaiwasha, kisha nikaikatia umeme kwenye swichi ya ukutani kwa dakika 2. Nilipourudisha, plagi ilirudi kwenye mtandao vizuri kabisa, lakini taa haikuwaka. Nikaikatia dakika 20. Safari hii hata mtandaoni haikurudi.

Kumbe yalikuwa matatizo mawili yamelala kitanda kimoja.

La kwanza, plagi ilikuwa imewekewa kwamba umeme ukikatika na kurudi, yenyewe ibaki imezima. Kwa hiyo ule usiku umeme ulirudi, plagi ikaamka imezima, na amri yake ya kuwasha ilikuwa ya saa 11 jioni. Saa 11 ilishapita! Plagi haijiulizi "hivi muda huu nilitakiwa niwe nimewaka?" Inangoja kesho jioni.

La pili ni ile simu. Umeme ukikatika plagi inatoka kwenye hotspoti, na simu ikiona hakuna aliyeunganishwa, baada ya dakika kadhaa inazima hotspoti yenyewe ili itunze chaji. Umeme ukirudi plagi inatafuta mtandao ambao haupo. Na kwa kuwa plagi yangu haina saa yenye betri ndani, muda inaupata intaneti. Bila intaneti haijui hata kama ni jioni. Ndiyo maana ilionekana kama ina wazimu: umeme ukikatika mchana kidogo tu, saa 11 inawaka kama kawaida. Ukikatika mchana muda mrefu, saa 11 haiwaki. Sisi tukawa tunalaumu ekstensheni.

Rafiki yangu mmoja hapa SUA, fundi wa mambo haya, ameniambia kosa ni langu. Kuna mpangilio wa kurudia hali iliyokuwepo kabla umeme haujakatika, nilitakiwa niuchague siku ya kwanza. Na hotspoti nikaiondolee kujizima. Yuko sahihi, nimeshafanya yote mawili, na wewe mwenye plagi kama hii fanya leo hii. Halafu akaendelea: nunua rauta, itafutie na betri yake... Hapo ndipo tulipogombana.

Maana kila anachoongeza ni kitu kingine cha kuharibika. Ili balbu iwake stoo, hatua sita kutoka kitandani kwangu, nahitaji umeme, simu, bando, mnara, seva iliyo nchi nyingine, na mpangilio sahihi ndani ya apu. Kifaa hiki kimetengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye intaneti yake haizimi, na kikikosea anachokosa ni taa ya sebuleni. Pia nilikosea mapema zaidi: kifaranga hafuati saa, anafuata joto. Hata plagi ingetii kila siku, kukiwa na mawingu na baridi saa 5 asubuhi ingezima tu. Kidhibiti joto kama kile cha kwenye mashine za kutotoleshea kinapima stoo yenyewe na kuamua papo hapo, umeme ukirudi kinaanza kazi bila kuuliza mtu. Na umeme usipokuwepo kabisa, ni jiko la mkaa, dirisha limeachwa wazi kidogo kwa ajili ya moshi, na mtu anayeamka. Nimepanga mtaa unaoitwa Mafiga halafu natafuta joto kwenye simu, nicheke au nilie?

Plagi sijaitupa. Inapima vizuri sana, sasa iko kwenye pasi ya mwenzangu, na kwenye kikao cha LUKU kilichopita kaunta buku langu lilimnyamazisha mtu. Hilo ndilo linaloiweza.

Wale 29 wameshaota manyoya, balbu tumeitoa. Ngoja nikawape maji, nina kipindi saa 2.