Siku Tatu za Familia: Jinja, Mbale na Mlima Wanale

Askari apatapo likizo, aghalabu siku zake huwa zimekwisha kugawanywa kabla hajavuka lango la kambi. Wiki ya kwanza ni ya wazazi kijijini. Ya pili ni ya matanga ambayo hakuweza kuhudhuria na ya mazungumzo ya mahari ambayo ndugu walikuwa wakimngojea. Zinazosalia huliwa na marafiki wa zamani, kila mmoja na kiti chake na chupa yake. Mke aliyelea watoto peke yake miezi yote hupata siku mbili za mume aliyekwisha kuchoka. Wazee wana haki yao, na haki hiyo haina ubishi. Lakini siku tatu zikitengwa tangu mwanzo kwa ajili ya mume, mke na watoto, hapana mzee atakayedhulumika. Na akiwapo anayenung'unika, aelezwe kwa adabu.

Huko Ulaya desturi hii ni ya kawaida. Mfanyakazi wa London au Berlin huondoka Ijumaa jioni, akalala Paris au Roma siku mbili, akarudi kazini Jumatatu. Hakuna kampuni iliyompangia safari. Kitanda amekitafuta mwenyewe, na tiketi ameinunua mapema kwa kuwa ya mapema huwa rahisi. Watu wa namna hiyo huonekana Jinja kila siku, mizigo mgongoni, wakibishana bei na mwenye bodaboda kama mama abishanavyo na muuza nyanya. Cha kuiga kwao ni ule mpango. Kaptula waachiwe wenyewe.

Ziko familia zitamanizo kwenda huko huko Ulaya, hasa zenye ndugu waliohamia. Yafaa hesabu yake ifahamike. Visa ya Schengen, ambayo ni mlango wa nchi 29, tangu Juni 2024 ni yuro 90 kwa mtu mzima na yuro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11; aliye chini ya hapo halipi. Fedha hizo hazirudishwi hata ombi likikataliwa. Tena hutakiwa bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, na Uingereza ina visa yake mbali. Baba, mama na watoto wawili wa shule ya msingi hulipa yuro 270 kabla hawajauliza hata bei ya ndege, na askari aliye kazini hana budi kupata idhini ya wakubwa wake kwanza. Kwa fedha hizo familia ya Jinja huweza kulala Mbale na kurudi, na ikabaki ya sare za shule.

Jinja na Mbale zote mbili zilipewa hadhi ya jiji Julai 2020, nazo zimetenganishwa na mwendo wa saa chache tu. Aliye Jinja apande Mbale. Aliye katika kambi ya Bugema ateremke Jinja. Ni jambo la kushangaza jinsi mtu awezavyo kukaa miaka minane kando ya mto na mkewe asijue chanzo chake kilipo.

Familia iteremkayo Jinja hutosheka na siku moja nzima na usiku mmoja. Jina la mji lenyewe lina maana ya mawe, yale yaliyokuwa kwenye maporomoko ambayo John Hanning Speke aliyafikia tarehe 28 Julai 1862 na kuyaita Ripon. Mtoto asiahidiwe maporomoko hayo, kwani yalizama bwawa la Owen Falls, ambalo sasa huitwa Nalubaale, lilipokamilika mwaka 1954. Ya Bujagali nayo yalifunikwa na maji ya bwawa jingine mwaka 2011, ingawa vitabu vya zamani vya wasafiri bado vinayasifu. Kinachoonekana leo ni ziwa linavyogeuka kuwa mto, na hilo latosha. Hapo pia ipo sanamu ya Mahatma Gandhi, iliyozinduliwa mwaka 1997, maana sehemu ya majivu yake ilitiwa katika mto huu mwaka 1948.

Bei ya mashua iulizwe kabla ya kuketi, na iulizwe kama ni ya mashua nzima au ya kila kichwa. Ugomvi mwingi wa pale pwani huzaliwa na swali hilo lisiloulizwa. Asiyepewa jaketi la kuokolea asipande, hata kama baba ni muogeleaji hodari. Watoto wasichezee maji ya ukingoni kwa sababu ya kichocho, ambacho huingia mwilini kwa njia ya ngozi bila mtu kuhisi. Na daraja jipya la Jinja, lililofunguliwa Oktoba 2018 likiwa na urefu wa mita 525, litazamwe kutoka ndani ya gari. Kusimama juu yake ili kupiga picha hakuruhusiwi, na askari zaidi ya wote ajua kwa nini.

Safari ya kupanda Mbale hupita Iganga, kisha barabara ya Tirinyi na mabwawa ya mto Mpologoma, ambako mpunga hulimwa pande zote mbili. Gari la asubuhi ni bora, kwa sababu mbili. Kwanza, madereva wa usiku wana haraka isiyo na maelezo. Pili, anayefika Mbale kabla ya saa sita huuona Wanale ungali wazi, maana mchana mawingu aghalabu hukaa juu yake.

Wanale ni mkono wa mlima Elgon, ambao Wagisu huuita Masaba, nao umejinyosha hadi karibu kabisa na mji kama ukuta. Mvua zikinyesha, maporomoko membamba hushuka kwenye genge lake, na mtu huyaona akiwa amesimama mjini. Kwenda juu kuna njia ya magari, na viko vijia vya miguu vyenye mwinuko mkali, ambavyo wakaazi huvitumia kuleta mazao yao sokoni. Baba aliyezoea mazoezi ya kijeshi atatamani vile vijia. Asiwalazimishe wenziwe. Mtoto wa miaka sita apande gari, na mama mwenye mtoto mgongoni vivyo hivyo. Wote wachukue sweta, kwa kuwa juu kuna baridi ambayo mtu wa Jinja haitarajii.

Sehemu ya Wanale imo ndani ya hifadhi ya taifa ya mlima Elgon. Raia wa Uganda hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa kutoka ng'ambo, basi kitambulisho cha taifa kisisahauliwe nyumbani. Ofisi ya hifadhi iko Mbale, na humo hupatikana bei na kiongozi wa njia. Askari na alipe kama raia wengine. Kutaja cheo mlangoni ili apite bure ni kumfundisha mtoto jambo ambalo baadaye baba mwenyewe atalijutia. Sare ibaki kambini. Pasi ya likizo ikae mfukoni.

Majira huamua mengi huku. Mvua za Machi hadi Mei hulegeza udongo wa Elgon, na watu wa Bududa wanakumbuka Machi 2010, mlima ulipoteremkia kijiji cha Nametsi. Mwishoni mwa Julai 2022 mito Nabuyonga na Namatala ilifurika mjini Mbale kwenyewe, ikaua watu. Kwa hiyo likizo ya shule ya mwezi Mei, ingawa watoto wako nyumbani, si ya kupeleka familia kwenye miteremko. Agosti ya mwaka usiogawanyika kwa mbili haina msongamano, lakini mvua ipo. Ile ya mwaka ugawanyikao ni ya imbalu: tohara ya Wagisu hufunguliwa Mutoto, nyumba za wageni hujaa na barabara huwa za wachezaji ngoma. Apendaye ngoma atafute kitanda wiki nyingi kabla. Apendaye usingizi angoje mwaka mwingine.

Wakati mwema kuliko yote ni Januari, Krismasi ikiisha kupita, nauli zimeshuka na ardhi imekauka. Hapo ndipo pana shida ya kweli, kwani Februari shule hufunguliwa na ada ya muhula wa kwanza yatakiwa. Familia nyingi hukwama papo hapo: baba ataka kusafiri, mama ahesabu madaftari, na kila mmoja humwona mwenzake adui wa furaha au wa elimu. Dawa yake haifanyiki Januari. Hufanyika Septemba, mume na mke wakiketi na mshahara mezani, wakaweka bahasha mbili. Ya ada hujazwa kwanza kila mwezi, na mama ndiye aitunzaye. Ya safari hupata kilichobaki. Ifikapo Januari, ikiwa bahasha ya pili ni nyembamba, siku tatu zigeuke moja: kutoka alfajiri, chakula kilichopikwa nyumbani, kurudi jioni. Bahasha ya kwanza isifunguliwe kwa ahadi ya kwamba itarudishiwa mwisho wa mwezi.

Ndani ya bahasha ya safari nauli ya kurudi ifungwe peke yake siku ya kuondoka. Kitanda kipigiwe simu kabla, na mama aongee mwenyewe na mwenye nyumba, maana yeye ndiye aulizaye juu ya maji, neti za mbu na choo, mambo ambayo baba huyagundua usiku. Chumba kilicho karibu na kituo cha mabasi huwa rahisi, ila honi huanza kabla ya jogoo. Wenye jamaa Mbale wakilala kwao wasiende mikono mitupu. Sukari na sabuni hazijapata kumkasirisha mwenyeji.

Asubuhi ya kurudi, mama apitie soko kuu na anunue malewa, yale machipukizi ya mianzi ya Elgon yaliyokaushwa kwa moshi. Mzigo wake ni mwepesi, na hayaharibiki njiani. Nyumbani yalowekwe hadi yalainike, yachemshwe vizuri, maji ya kwanza yamwagwe, kisha yapikwe polepole katika njugu zilizosagwa na chumvi. Huliwa na matoke, na chungu kimoja chatosha familia nzima pamoja na jirani aliyewaangalia kuku wao kwa siku tatu.